Kuoanisha Sauti na Picha za Filamu: Mafunzo Kutoka Masasi na Newala

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vilipokuwa bado havijakwisha, mtaalamu wa Kijerumani wa elimu ya mila za watu, Karl Weule, aliondoka Lindi akafika Masasi, na baadaye akapanda Uwanda wa Makonde hadi Newala. Katika mizigo ya wapagazi wake mlikuwamo mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kamera ya sinema. Ya pili ilikuwa fonografu, yaani kinasa sauti kilichochora mitetemo ya sauti juu ya silinda ya nta. Kwa kamera alipiga picha za ngoma, na kwa fonografu alinasa nyimbo. Picha na nyimbo hizo zilichukuliwa hadi Ujerumani. Hata hivyo, vitu hivyo viwili, vilivyotoka katika nchi moja na msimu mmoja, havikuweza kuunganishwa vikawa filamu moja yenye sauti.

Sababu zake zafaa kuchunguzwa, kwa maana ndizo zinazoeleza kazi ambayo mafundi wa sauti za filamu huifanya hadi leo.

Mashine mbili, miendo miwili

Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, kwa kawaida mara mbili kwa sekunde, na kila mzunguko ulipitisha picha 8. Hivyo kamera ilipiga picha 16 hivi kwa sekunde. Lakini mkono wa binadamu si saa: huchoka, na huharakisha ngoma inapochangamka. Fonografu nayo iliendeshwa kwa springi, ikazungusha silinda mara 160 hivi kwa dakika, na silinda moja ilijaa kwa muda wa dakika mbili au tatu tu. Tena haikutumia umeme. Mwimbaji alilazimika kusimama karibu kabisa na mdomo wa pembe ya mashine, na mlio wa ngoma iliyochezwa mbali uwanjani haukuweza kunaswa vizuri. Kwa hiyo wimbo ulionaswa na ngoma iliyopigwa picha aghalabu vilikuwa matukio mawili mbalimbali.

Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900 na kuongozwa baadaye na Erich von Hornbostel, ilikuwa imekwisha kuitambua nusu ya tatizo hili. Wasafiri waliopewa fonografu na hifadhi hiyo walielekezwa kupuliza filimbi ndogo ya kipimo kabla ya wimbo kuanza. Filimbi hiyo ilitoa mitetemo 435 kwa sekunde. Msikilizaji aliyeko Berlin akiisikia kwa mitetemo 470, alijua kwamba silinda inazunguka haraka mno kwa asilimia 8 hivi, akaipunguza mwendo mpaka filimbi ikatoa mlio wake wa haki. Hapo wimbo nao ulirudi katika kimo chake.

Njia hiyo ilikuwa nyepesi, lakini ndani yake mna kanuni kuu ya taaluma hii: alama ya wakati huwekwa pale pale tukio linapotendeka, ikikosekana hapo, ni vigumu mno kuipata baadaye. Ila filimbi iliitengeneza sauti peke yake. Haikueleza ni picha ipi iliyokwenda na neno lipi.

Jicho na sikio

Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mtu anayesimama ukingoni mwa uwanda, akamtazama mwenzake anayepasua kuni ng'ambo ya korongo, huliona shoka likitua kabla ya kusikia kishindo chake. Tangu utotoni ubongo umezoea sauti kuchelewa kidogo, kamwe si kutangulia. Ndiyo sababu vipimo vya kimataifa vya utangazaji huonyesha kwamba watazamaji hutambua kasoro sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, bali inapochelewa hawaitambui mpaka ifikie milisekunde 125 hivi.

Katika filamu yenye picha 25 kwa sekunde, kila picha hudumu milisekunde 40. Basi sauti ikitangulia kwa picha mbili tu, mwimbaji huonekana kana kwamba anasemewa na mtu mwingine.

Kazi ya uwanjani

Mathalani, kikundi cha watengenezaji filamu kimekwenda Newala kupiga filamu ya sindimba. Fundi wa sauti huweka kipaza sauti kimoja karibu na ngoma kuu, vingine karibu na ngoma ndogo, kingine mbele ya waimbaji, kingine mwishoni mwa mti mrefu ili kiwafuate wachezaji, na kidogo kabisa hubanwa katika shati la mzee atakayeeleza maana ya nyimbo. Kila kipaza sauti hupewa njia yake ndani ya kinasa sauti, na njia hizo zaweza kuwa 8 au zaidi. Hutengwa kwa sababu sauti zikishachanganywa ni kama unga wa muhogo uliochanganywa na wa mahindi: hakuna chekeche la kuzitenganisha sawasawa.

Kamera na kinasa sauti ni mashine mbili, kama zilivyokuwa mwaka 1906. Tofauti ni kwamba leo hupewa saa moja. Kabla ya kazi kuanza, fundi huzilinganisha saa zake ili kila picha na kila kipande cha sauti kiandikwe taimukodi, yaani namba ya saa, dakika, sekunde na picha. Taimukodi ya 15:42:10:07 ina maana ya saa tisa na dakika 42 alasiri, sekunde 10, picha ya saba. Hapa pana mtego kwa Mswahili: mashine huhesabu kuanzia saa sita ya usiku. Msaidizi akiandika katika daftari la kazi kwamba wimbo ulianza saa 9:42, mhariri aliyeko mbali atautafuta asubuhi, asiuone.

Pamoja na hayo, kibao hugongwa mbele ya kamera. Picha huonyesha mbao mbili zikikutana, na njia zote za sauti hunasa mlio huo. Taimukodi ikiharibika, kibao hubaki kuwa shahidi.

Picha inapofungwa

Mhariri wa picha hahangaiki na njia zote 8. Hutumia mchanganyiko mwepesi wa njia moja au mbili, akachagua vipande, akakata na kupanga. Siku inapokubaliwa kwamba hakuna kipande kitakachorefushwa, kufupishwa wala kuhamishwa, husemwa kwamba picha imefungwa. Ndipo kazi ya kuoanisha inapoanza.

Mtambo wa mhariri hutoa orodha ya mikato. Kila mstari hutaja faili la sauti, taimukodi ya mwanzo na ya mwisho wa kipande, na mahali pake katika filamu. Programu ya kuoanisha huusoma mstari, hulitafuta faili la asili lenye njia zote, hukata kipande kile kile katika kila njia, na kukiweka mahali pake. Huongeza pia sekunde chache za akiba kila upande, ili mchanganya sauti aweze kuingiza kipande kimoja katika kingine polepole.

Usahihi wake ni mkubwa. Sauti inayopimwa mara 48,000 kwa sekunde huipa kila picha sampuli 1,920. Faili la aina ya Broadcast Wave, lililoanzishwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya mwaka 1997, huandika idadi ya sampuli tangu saa sita ya usiku. Taimukodi iliyotajwa hapo juu ni sampuli ya 2,713,453,440.

Mahali panapoharibika

Saa mbili zilizolinganishwa asubuhi zaweza kuachana. Zikitofautiana kwa sehemu 10 tu katika milioni, kwa saa moja zitaachana milisekunde 36. Ngoma ikichezwa kwa saa sita, kosa litazidi picha tano. Filamu iliyopigwa kwa picha 24 kwa sekunde ikiendeshwa kwa 25, dakika 50 huwa 48, na sauti iliyofuatishwa hupanda kimo. Faili likibadilishwa jina, orodha hailioni tena. Na picha ikifunguliwa baada ya kufungwa, kuondoa picha 12 tu husogeza sauti zote zinazofuata kwa karibu nusu sekunde.

Kwa hiyo hakimu wa mwisho ni jicho na sikio. Fundi hutazama kiganja kikigusa ngozi ya ngoma, akasikiliza kama mlio upo hapo hapo. Mwendo wa mikono ni ushahidi wa kutosha: mwaka 1962 Gerhard Kubik alipiga filamu isiyo na sauti ya wapigaji marimba ya mangwilo kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, na mwaka 1965 alichapisha maandishi ya muziki huo yaliyopatikana kwa kuhesabu mapigo picha baada ya picha.

Hazina inayotupwa

Ipo hatari kubwa kuliko kosa la picha mbili. Filamu inapokwisha, aghalabu hutunzwa mchanganyiko wa mwisho peke yake. Katika mchanganyiko huo msimulizi huzungumza Kiswahili juu ya wimbo wa Kimakonde, na maneno ya mzee hukatwa katikati kwa sababu dakika hazikutosha. Njia za asili hufutwa ili nafasi itumike kwa kazi nyingine. Mjukuu wa mwimbaji akitaka siku moja kuusikia wimbo mzima bila msimulizi, hataupata.

Silinda za nta za Hifadhi ya Berlin zimetunzwa kwa zaidi ya karne moja, na mwaka 1999 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Sauti zinazonaswa leo Masasi na Newala ni safi kuliko hizo mara nyingi, nazo zina saa yake, majina ya njia zake na picha zake. Kwa hiyo kila anayepiga filamu ya mila za watu hana budi kuhifadhi vitu vitatu pamoja: njia zote za sauti kama zilivyonaswa, daftari la kazi, na orodha ya mikato. Nakala moja ibaki karibu na wenye ngoma, katika shule au maktaba ya wilaya, mahali ambapo wapo wanaoijua lugha ya nyimbo hizo.