Mahali pa Kutokea Kitanzini: Mjadala wa Mtindo katika Uandishi wa Programu

Kitanzi, katika uandishi wa programu, ni fungu la amri linalorudiwa hadi sharti fulani litimie. Wanaprogramu hawatofautiani kuhusu maana hiyo, bali kuhusu mahali pa kutokea. Wapo wanaoshikilia kwamba kitanzi kiwe na mlango mmoja tu, juu au chini, na wapo wanaoruhusu amri ya kukivunja katikati.

Tofauti hiyo hudhihirika katika kazi ndogo. Chukulia duka la rejareja huko Segerea, jijini Dar es Salaam, linalofunga hesabu jioni kwa programu. Muuzaji huingiza kiasi cha kila mauzo, kisha huingiza -1 kuashiria mwisho. Kila mzunguko una hatua tatu: kusoma, kupima, kujumlisha. Kipimo kimeangukia katikati. Anayefuata kanuni ya mlango wa juu hulazimika kuandika amri ya kusoma mara mbili, kabla ya kitanzi na tena mwishoni mwake. Akiisahau ile ya pili, kitanzi hakikomi. Akikwepa marudio hayo kwa kupima baada ya kujumlisha, -1 huhesabiwa kuwa mauzo: jumla hupungua shilingi moja na idadi ya mauzo huzidi kwa moja. Kosa la shilingi moja ni baya kuliko la shilingi elfu hamsini, kwa kuwa hakuna anayelitafuta.

Kanuni ya mlango mmoja haikuzuka bure. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kwamba mfuatano, uchaguzi na marudio vyatosha kuandikia programu yoyote. Mwaka 1968 Edsger Dijkstra akachapisha barua fupi kuhusu madhara ya amri ya kuruka. Pascal, lugha ya kufundishia iliyobuniwa na Niklaus Wirth, haikuwa na amri ya kuvunja kitanzi. Hoja yao ina uzito: msomaji anayefika mstari unaofuata kitanzi chenye mlango mmoja anajua sharti lililomtoa. Penye milango minne hana budi kuikagua yote.

Hata hivyo, Donald Knuth alikitetea kitanzi cha kutokea katikati mwaka 1974. Mwaka 1983 Elliot Soloway na wenzake waliwapima wanafunzi wa Pascal. Waliopewa kitanzi cha namna hiyo walipata programu sahihi zaidi. Hata miongozo ya MISRA, iliyoanzia katika programu za magari, ililegea: toleo la 1998 lilikataza kuvunja kitanzi, la 2004 likaruhusu mara moja kwa kila kitanzi.

Kwa mtahini, basi, kukata alama kila ionekanapo amri ya kuvunja ni kuadhibu umbo badala ya kosa. Mwanafunzi anayetafuta jina la mteja katika daftari la madeni, akilipata, hana sababu ya kuendelea kupekua. Akilazimishwa kutumia kigeugeu cha kweli au uongo, mlango haukuondolewa, umefunikwa pazia. Panapostahili kukatwa alama ni penye kitanzi ndani ya kitanzi, kwa mfano madaftari kadhaa yenye kurasa nyingi: katika lugha ya C amri hiyo humtoa mwandishi katika kitanzi cha ndani pekee, naye huandika mistari inayofuata akidhani ametoka katika vyote viwili.