Kukariri Siko Kufahamu

Mwalimu akisema vizuri, na wanafunzi wakiyaandika yote asemayo, je, wamefundishwa? Wengi wetu twajibu: Ndiyo. Eric Mazur, aliyeanza kufundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, mwaka 1984, alidhani hivyo naye. Wanafunzi walimsifu, wakashinda mitihani yao, naye akaridhika.

Mwaka 1990 akasoma maandiko ya waalimu wawili wa Arizona, Halloun na Hestenes. Hao walionyesha ya kuwa wanafunzi wengi humaliza masomo ya fizikia wakishika bado mawazo waliyoingia nayo. Mazur hakusadiki kwamba wake wangekuwa hivyo. Akawapa maswali yale, mepesi, yasiyo na hesabu. Mmoja akamwuliza: ajibu kama alivyofundishwa, ama kama anavyofikiri mwenyewe? Majibu yao yalimhuzunisha.

Tutoe mfano. Lori zito lagongana na motokaa ndogo. Lipi lamsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Wengi husema: lori. Sivyo! Newton aliandika mwaka 1687 ya kwamba nguvu hizo mbili ni sawasawa. Motokaa huumia zaidi kwa sababu ni nyepesi, na mwendo wake hugeuzwa upesi kuliko ule wa lori. Mwanafunzi aweza kuisema kanuni hiyo kwa moyo, hata kuipigia hesabu, wala asiisadiki.

Basi Mazur akageuza njia yake. Hueleza jambo kwa muda mfupi, kisha huuliza swali. Kila mmoja hufikiri kimya na kuchagua jibu. Halafu humgeukia jirani aliyechagua jingine, na kila mmoja hutoa sababu zake. Wakiisha kujadiliana huchagua tena, ndipo mwalimu aeleze. Mara nyingi walio na jibu la kweli huongezeka. Sababu yake ni nini? Aliyefahamu jana bado akumbuka mahali alipojikwaa. Mwalimu amekwisha kupasahau zamani.

Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika madarasa 62. Katika madarasa ya kusikiliza tu, walipata kadiri ya sehemu 23 katika 100 za yale waliyokuwa hawajayafahamu. Katika madarasa ambamo wanafunzi hushughulika na kujadiliana, kadiri ya sehemu 48.

Njia hii haidai vyombo vya bei kubwa: mikono iliyoinuliwa yatosha kuonyesha majibu. Lakini yadai mwalimu akubali kunyamaza kidogo, na mwanafunzi asione haya kusema neno ambalo labda ni kosa. Wahenga walisema: Kuuliza si ujinga.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo shuleni, msitosheke kutazama daftari lake. Mwambieni: «Hebu nieleze.» Akishindwa, msimkaripie, amejua sasa mahali pa kuanzia.