Kompyuta ya Linux Nyumbani: Yanayosemwa Dukani na Yaliyo Kweli

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa ujumla, inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ndiyo maana maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, yana mashine nzima kabisa ambazo Microsoft imeshazipa kisogo, na ambazo kwa mfumo wa Linux bado zina miaka mingi ya kazi. Kwa mwanafunzi, au familia inayohesabu kila shilingi, hiyo ni fursa kubwa. Inaniuma kuona mtu akiikosa kwa sababu ya maneno ya kusikia, au akinunua kwa pupa kitu ambacho dakika kumi za ukaguzi zingemwonya asikiguse.

«Linux haina draiva, utazitafuta mpaka uchoke.»

Si kweli. Kwenye Windows tulizoea kila kifaa kuja na CD yake au faili la kupakua. Linux imejengwa vingine. Draiva (programu za kuendesha vifaa) nyingi mno zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na zinarekebishwa pamoja nayo kila toleo linapotoka. Unachomeka kifaa, kinatambuliwa, unaendelea na shughuli zako. Kwa hiyo mnunuzi haulizi CD iko wapi. Anauliza kama chipu iliyomo imeshaingia kwenye kerneli.

«Ukichukua ThinkPad, Latitude au EliteBook, umemaliza.»

Nusu kweli. Mashine hizi za maofisini ndizo ninazozipendekeza kwanza. Watumiaji wake wa Linux ni wengi, kasoro zake nyingi zimeshajulikana na kurekebishwa, na kampuni kama Canonical na Red Hat hupima baadhi ya modeli na kuzithibitisha. Lakini jina la kwenye kifuniko halikuambii kilichomo ndani. ThinkPad X230 zilitoka kiwandani na kadi tofauti za waifai, nyingine za Intel, nyingine za Realtek.

Mfano ulio wazi zaidi ni adapta ya waifai ya USB ya TP-Link iitwayo TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaiendesha vizuri kwa draiva huria. Toleo la pili likaja kwa jina lile lile, likiwa na chipu ya Realtek RTL8188EUS, iliyowasumbua watu kwa miaka. Aliyesoma sifa za toleo la kwanza akaenda kununua la pili alipata kifaa kingine kabisa.

Kinachosema ukweli ni namba. Kila chipu ina namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa chenyewe. Ikiwa mashine ya dukani ina Windows, fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kifaa, utazame kitambulisho chake: VEN_8086 ni Intel, VEN_14E4 ni Broadcom, VEN_10EC ni Realtek, VEN_10DE ni Nvidia, VEN_1002 ni AMD. Ikiwa ina Linux, amri ya lspci -nn itakuonyesha hayo hayo, na lsusb itakuonyesha vilivyochomekwa kwa USB. Tafuta namba hizo mtandaoni pamoja na neno Linux kabla hujataja bei.

«Waifai ndiyo tatizo la Linux.»

Kuna ukweli hapa, na hapa ndipo pa kuwa makini kuliko pengine pote. Kadi za Intel kwa kawaida hazina matata, na zile za Atheros za zamani zinazotumia draiva ya ath9k hazihitaji hata famwea, yaani ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu kabla haijaanza kazi. Broadcom ni habari nyingine. Chipu zake nyingi za kompyuta za mkononi hutaka draiva au famwea isiyo huria, na kuipata kunahitaji intaneti, ambayo ndiyo hiyo huna. Weka kebo ya mtandao karibu, au unganisha simu kwa USB na ugawe intaneti yake. Njia hii ya simu huokoa watu wengi.

Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilikuwa ngumu zaidi upande huu, kwa sababu kisakinishi chake rasmi hakikubeba famwea zisizo huria. Wanachama wake walipiga kura mwaka 2022, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 famwea hizo zimo ndani yake. Ushauri wowote wa kabla ya hapo umepitwa.

Fundi akikuambia kadi mbaya inabadilishwa kwa bei ndogo, anasema kweli, ila muulize kwanza kuhusu bayosi, yaani programu ya awali inayowasha mashine. ThinkPad za enzi ya X230 na T430 zina orodha ya kadi zinazokubaliwa; ukiweka iliyo nje ya orodha, mashine inagoma kuwaka na inakuandikia kosa.

«Ikiwaka kwa flashi, nunua.»

Haitoshi. Kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha ni kipimo bora kuliko vyote, lakini mtu huona skrini imewaka akatoa pesa. Unganisha waifai kweli, hata kwa simu yako. Cheza sauti kwenye spika, kisha kwenye hedifoni. Washa kamera. Funika kompyuta, subiri, ifunue: je, inaamka? Kuna mashine zinazofanya kila kitu ila hazirudi kutoka usingizini, na kero hiyo utaishi nayo kila siku. Kisoma alama za vidole usikihesabu katika bei, kwa kuwa vingi havina draiva. Muuzaji asipokubali flashi yako, nenda duka linalofuata.

«Kimbia Nvidia.»

Ilikuwa kweli sana, sasa inategemea. Mwaka 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, Torvalds aliitolea Nvidia kidole cha kati mbele ya kamera kwa jinsi ilivyokuwa ikishirikiana na watu wa Linux. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitoa moduli huria za kerneli kwa kadi zake za kizazi cha Turing na kuendelea, na hali ni bora. Hatari iko kwenye mtumba: kadi kama GeForce 600 zimebaki na draiva za zamani ambazo Nvidia imeacha kuziendeleza. Kwa barua, masomo, filamu na kazi za ofisini, michoro ya Intel iliyomo kwenye prosesa inatosha. Anayetaka michezo achague AMD, ambayo mwaka 2007 ilianza kutoa nyaraka za kuwezesha draiva huria.

«Mpya kabisa ndiyo salama zaidi.»

Si kweli. Chipu iliyotoka mwezi huu haiwezi kuwa imo kwenye kerneli ya mwaka juzi. Mashine ya miaka mitatu au minne huwa imeshakomaa. Ukinunua mpya, tumia mfumo wenye kerneli mpya kama Fedora.

«Linux hufufua kompyuta yoyote ya zamani.»

Si yoyote. Prosesa za biti 32 zinaachwa nyuma. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa hizo. Ramu ya GB 2 itaanzisha mfumo, kisha kivinjari kitaimeza. Lenga GB 8, na diski ya SSD badala ya ile inayozunguka.

«Kisakinishi hakioni diski, basi haipatani na Linux.»

Mara nyingi si kweli. Bayosi imewekwa kwenye hali ya RAID au Intel RST. Ibadilishe kuwa AHCI na diski itaonekana. Kama Windows ingali humo na unaihitaji, iandae kwanza kwa badiliko hilo, la sivyo itakataa kuwaka.

«Printa yoyote itafanya kazi.»

Si kweli, na wengi hulisahau hili. Printa inayofahamu PostScript, PCL au uchapishaji wa AirPrint haitakusumbua, na HP nyingi zina mfumo wake wa HPLIP. Zile za bei nafuu zinazotegemea kompyuta kufanya kazi yote ndizo za kuogopa: Canon LBP2900, kwa mfano, hutumia lugha yake ya CAPT na kutaka draiva ya Canon yenyewe.

«Modemu ya USB haisomi Linux.»

Si kweli. Nyingi hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, na mtu hudhani imekwama. Programu ya usb_modeswitch huigeuza kuwa modemu.

«Kinachoendesha Linux kitaendesha pia FreeBSD au OpenBSD.»

Si kweli. Hiyo ni mifumo mingine, yenye kerneli zake. FreeBSD huchukua draiva zake za michoro kutoka Linux, kwa hiyo huchelewa kuifikia mashine mpya. OpenBSD iliondoa Bluetooth mwaka 2014, na kadi za Nvidia haiziharakishi. Anayeitaka OpenBSD atafute michoro ya Intel au AMD, waifai ya Intel, na hedifoni ya waya.