Punje tatu za mahindi kwa karpi wa Naivasha

Anayeketi kando ya Ziwa Naivasha na donge la ugali kwenye ndoana hatarudi mikono mitupu. Atapata tilapia wadogo, pengine na karpi wa kilo moja. Lakini wale wa kilo tano na zaidi, wanaotibua tope mbele ya macho yake hadi maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, watapita. Wengi husema ni bahati. Mimi nasema ni mdomo wa samaki mwenyewe, na anayeuelewa mdomo huo amekwisha kupata nusu ya kitoweo.

Karpi hana jino hata moja mdomoni. Meno yake yako kooni, mapana kama magego, na kwa hayo huponda konokono na mbegu ngumu. Mdomo wenyewe hurefuka kuelekea chini kama mrija. Pembeni pana sharubu nne za kuonjea. Akifika kwenye chakula hukifyonza pamoja na tope, hukichambua kinywani, kisha hutema asichokitaka. Yote hayo huchukua muda mfupi mno. Ndoana iliyozama ndani ya donge la ugali hufyonzwa na kutemwa kabla mvuvi hajahisi chochote kwenye mshipi. Samaki mzee amefanya hivyo mara nyingi, na aliyewahi kunaswa akaponyoka hujifunza. Katika majaribio yaliyofanywa Uholanzi, karpi aliyenaswa mara moja tu alikuwa mgumu zaidi kunaswa tena.

Waingereza walihangaika na jambo hili kwa miongo. Mwaka 1952 Richard Walker alivua karpi wa takriban kilo 20 katika bwawa la Redmire, na rekodi hiyo ikadumu hadi mwaka 1980. Karibu na mwaka huo wa 1980 Lenny Middleton na Kevin Maddocks wakapata ufumbuzi ambao naona ni mzuri kuliko kifaa chochote cha bei kinachouzwa leo: chambo kisitungwe kwenye ndoana. Kining'inie nje yake, kwenye uzi mwembamba uliofungwa kwenye ndoana. Mwanzoni walitumia unywele halisi wa binadamu. Karpi akifyonza, chambo kinaingia kikiwa huru kabisa, na ndoana tupu inakifuata nyuma. Akijaribu kutema, ncha iliyo wazi inashika mdomo wa chini.

Huku kwetu chambo chake ni mahindi makavu, yaleyale ya githeri. Yaloweke siku nzima, uyachemshe hadi yavimbe na kulainika, kisha yaache ndani ya maji yake siku moja au mbili mpaka yaanze kunukia uchachu. Usivulie mahindi makavu yasiyochemshwa, maana yatavimbia ndani ya samaki na kumdhuru. Tunga punje tatu kwenye uzi, ukiacha nafasi ndogo kati ya punje na ndoana. Hapa ndipo ukubwa wa samaki unapoamuliwa. Ugali na minyoo hudonolewa na kila kinachoishi ziwani, wakiwemo kamba wa maji baridi walioletwa Naivasha tangu mwaka 1970. Punje tatu kwa pamoja tilapia mdogo hazimwingii mdomoni. Hubaki pale chini zikimsubiri mwenye mdomo wa kutosha.

Chubwi liwe zito, gramu 80 hadi 100, na liwe karibu na ndoana, kiasi cha sentimita 20. Samaki akihisi uzito huo hushtuka na kukimbia, na kwa kukimbia anajitia ndoana mwenyewe. Lifunge kwa namna ambayo litachomoka mshipi ukikatika, ili asiburute risasi hadi afe. Na legeza breki ya gurudumu la mshipi! Nimeona fimbo nzima ikivutwa majini huku mwenyewe akimenya chungwa.

Mahali pa kutupa pana maana kuliko umbali. Tafuta ukingo wa mafunjo, au ufuo ambao upepo wa alasiri unasukumia maji ya juu yenye joto na chakula. Angalia vipovu vidogo vinavyopanda kwa mkupuo, maana hapo kuna pua inayofukua. Rushia mahindi konzi chache hapohapo kwa siku tatu nne mfululizo kabla ya kuvua. Karpi wakubwa huanza kupita hapo kama watu wanaojua saa ya mgahawa. Kanyaga taratibu. Karpi ana vifupa vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, kwa hiyo kishindo cha buti ukingoni au kasia linaloanguka ndani ya mtumbwi humfikia vizuri sana.

Viboko nao hupita kwenye mafunjo hayohayo, nao hawana mzaha. Usiketi kwenye njia zao, ondoka kabla jua halijazama, na nenda na mtu anayeijua sehemu hiyo. Leseni ya uvuvi iulizie kwanza.

Karpi mkubwa akishika, usimvute kwa nguvu. Mwache akimbie achoke, kisha mtie kwenye wavu mpana wa kuopolea uliokwisha kuuzamisha. Ukitaka kumrudisha, mshike kwa mikono iliyolowa juu ya kitu laini chenye maji, kwani utelezi wa ngozi ndio kinga yake. Mrudishe palepale ulipomtoa. Karpi aligunduliwa Naivasha mwaka 2001, na inaaminika alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia yaliyo juu ya mto. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo ndiye aliyejaza mitumbwi. Kumbeba akiwa hai hadi ziwa jingine ni kulipelekea ziwa hilo mfukuaji wa tope na mng'oaji wa mimea ambaye hutaweza kumtoa tena.

Mimi wengi wao huwala. Watu humkimbia kwa miiba yake iliyogawanyika kama herufi Y. Mchanje ubavuni kwa kisu kikali, mistari iliyokaribiana sana, umpake chumvi na ndimu, umtumbukize kwenye mafuta mengi yaliyochemka. Ile miiba midogo iliyokatwakatwa itakauka na kutafunika.