Pauni 5 kumlisha, pauni 3 kumsafirisha: hesabu za ardhi ya Ireland

Msimu wa baridi wa 1849 kuingia 1850, William Steuart Trench alikabidhiwa usimamizi wa ardhi ya Marquess wa Lansdowne huko Kenmare, kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland. Viazi vilikuwa vimeoza shambani kuanzia 1845, na watu wapatao milioni moja nchini kote walikufa katika njaa hiyo. Trench alikuta maskini 3,000 kutoka ardhi hiyo wakiishi kwa posho ya umma, na aliyelipa ushuru wa kuwalisha alikuwa mwenye ardhi.

Akakaa na kalamu. Kumtunza mtu mmoja kwenye nyumba ya maskini kuligharimu pauni 5 kwa mwaka. Kwa watu 3,000 ni pauni 15,000, kila mwaka, bila kujua mwisho wake. Ardhi yenyewe ilithaminiwa kuwa na uwezo wa kuingiza pauni 10,000 tu kwa mwaka, na hata hizo kwa taabu. Nauli ya kuvuka Atlantiki, kwa upande mwingine, hulipwa mara moja. Akamshauri bwana wake kwamba ni nafuu kuwalipia nauli wote watakaotaka kwenda Amerika. Kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu alichochapisha 1868, waliondoka watu 4,600, wakitolewa kwa mafungu ya 200 kwa wiki, na gharama yote haikufika pauni 14,000. Ukigawanya, kila mtu aligharimu kama pauni 3.

Pauni 5 kila mwaka, au pauni 3 mara moja. Sidhani kuna ukurasa katika kumbukumbu za makabaila wa Ireland unaoeleza mfumo mzima kwa uwazi kuliko hapo. Hakuna matusi ndani yake, wala chuki. Kuna safu mbili za tarakimu, na watu 4,600 wamewekwa upande wa matumizi.

Bahati nzuri kuna daftari la pili. Wengi wa waliosafirishwa waliishia New York, katika mtaa wa Five Points, uliosifika kwa uchafu na umaskini kuliko mitaa yote ya jiji hilo. Mwanahistoria Tyler Anbinder aliwafuatilia humo kupitia vitabu vya benki ya akiba ya wahamiaji iliyoanzishwa 1850, akakuta watu walewale waliohesabiwa kuwa mzigo Kerry wamejiwekea akiba kuliko yeyote alivyotegemea, baadhi yao mamia ya dola. Walikuwa vibarua na wachuuzi. Kilichokuwa kimewafanya mafukara ni masharti ya ardhi waliyoishi juu yake.

Ardhi hiyo ilipatikanaje? Rudi miaka 200 nyuma. Jeshi la Uingereza chini ya Cromwell lilipomaliza vita vya Ireland, serikali ya London ilikuwa na deni kubwa kwa askari na kwa wafanyabiashara walioikopesha. Ikaamua kulipa kwa ardhi ya Wakatoliki. Ili ugawe ardhi lazima kwanza uipime, na kazi hiyo, katika miaka ya 1650, ilipewa daktari wa jeshi aliyeitwa William Petty. Petty aliipima, akachora ramani kwa kaunti na parokia, kisha akanunua kwa bei ya kutupa vyeti vya askari waliochoka kusubiri mashamba yao. Hivyo ndivyo mpimaji alivyogeuka kabaila wa Kerry. Ndiye pia mwanzilishi wa fani ya kupima utajiri na watu wa nchi kwa tarakimu. Binti yake aliolewa na ukoo wa Fitzmaurice, na kutoka kwao wakatokea akina Lansdowne wa Kenmare.

Matokeo ya upimaji na unyang'anyi wa karne hiyo wanahistoria wameyaweka kwa asilimia. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki karibu asilimia 59 ya ardhi ya Ireland. Mwaka 1688 ilibaki 22. Mwaka 1703 ilikuwa 14. Kufikia miaka ya 1770 ilikadiriwa kuwa 5, na hao ndio waliokuwa wengi wa wananchi.

Kutoka 14 kwenda 5 hakukuhitaji jeshi. Kulihitaji karatasi. Sheria ya 1704 ilimkataza Mkatoliki kununua ardhi, au kuikodi kwa zaidi ya miaka 31, na hata akiikodi, kodi isipungue theluthi mbili ya thamani ya ardhi kwa mwaka. Akilima vizuri mno, faida ikazidi theluthi moja, mkataba wake ulikuwa hatarini: Mprotestanti aliyemfichua angeweza kuudai uwe wake. Mwaka 1708 ikafunguliwa Dublin ofisi ya kusajili hati za ardhi. Sababu mojawapo ya kuwepo kwake ilikuwa kuhakikisha kwamba hati za siri hazipenyezi ardhi kwa Wakatoliki. Kanuni yake kuu ilikuwa rahisi: hati iliyosajiliwa kwanza hushinda iliyochelewa.

Kufikia mwaka 1832 mihtasari ya hati iliyosajiliwa humo ilizidi 500,000. Hati asilia zilibaki kwa wenyewe. Ofisi ilibaki na muhtasari, ukanakiliwa kwa mkono katika vitabu vizito ambavyo mtafiti huvibeba kwa mikono miwili. Faharasa zake ni mbili: moja ya majina ya waliotoa ardhi, nyingine ya mahali. Ya waliopokea haipo. Ukitafuta babu aliyekodishiwa ekari 20, jina lake halitakufikisha popote. Ni lazima ujue kwanza nani alikuwa bwana wake, au kitongoji alichoishi, na Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000.

Hata ekari zenyewe zinahitaji tahadhari. Ekari ya Ireland ilikuwa na yadi za mraba 7,840, ya kawaida ina 4,840. Hati inayotaja ekari 100 za vipimo vya zamani inazungumzia ekari 162 za leo. Na muda wa mkataba mara nyingi haukuhesabiwa kwa miaka bali kwa uhai wa watu watatu waliotajwa kwa majina: mkataba uliisha alipokufa wa mwisho. Kwa hiyo watu walichagua watoto wenye afya, wengine wakataja watoto wa mfalme, kwa kuwa kifo cha mwana wa mfalme hakifichiki.

Makabaila wenyewe walizama katika karatasi zao. Ndoa ya kila kizazi ilikuja na hati ya kumwahidi mjane posho ya kila mwaka na mabinti mahari yao, vyote vikidaiwa kwenye ardhi ileile. Njaa ilipokata kodi, madeni yakabaki. Mwaka 1849 ikaundwa mahakama maalumu ya kuuza mashamba yaliyolemewa, na katika miaka kama minane iliuza zaidi ya 3,000. Huko Strokestown, kaunti ya Roscommon, Meja Denis Mahon alirithi mwaka 1845 shamba lenye malimbikizo makubwa ya kodi. Naye alipigiwa hesabu kama ya Kenmare, ikaonekana kusafirisha watu ni karibu nusu ya gharama ya kuwatunza mwaka mmoja. Mwaka 1847 watu 1,490 walitolewa na kupelekwa Kanada. Meli moja, Virginius, iliondoka Liverpool na abiria 476; 158 walikufa baharini. Novemba mwaka huohuo Mahon aliuawa kwa risasi. Nyaraka za shamba hilo zilikutwa ndani ya nyumba ya kabaila lilipouzwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndizo zilizozaa jumba la makumbusho ya njaa lililofunguliwa hapo mwaka 1994.

Mwaka 1870 watu 302 walimiliki asilimia 33.7 ya nchi nzima. Lansdowne peke yake alikuwa na zaidi ya ekari 90,000 katika Kerry. Mjukuu wa yule aliyelipa nauli za Kenmare, Marquess wa tano, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza kuanzia 1900 hadi 1905, wakati ambapo Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo, ilikuwa chini ya wizara hiyo. Katika utawala wake kampuni ya East Africa Syndicate ilipewa maili za mraba 500 katika Bonde la Ufa, ambazo ni ekari 320,000, zaidi ya mara tatu ya ardhi ya ukoo wake Kerry. Kamishna wa eneo hilo, Charles Eliot, alijiuzulu mwaka 1904, akilalamika kwamba Lansdowne amewanyima watu binafsi wawili kile ambacho kampuni imepewa.

Cha kushangaza, miaka hiyohiyo serikali ileile ilikuwa inauvunja ukabaila Ireland. Sheria ya 1903 iliwakopesha wakulima fedha za kununua mashamba waliyokodi, kwa malipo ya asilimia 3.25 kwa mwaka, kwa miaka 68 na nusu. Piga hesabu: kwa kila pauni 100 ya mkopo, familia ingelipa zaidi ya pauni 222 hadi kumaliza, na deni la aliyesaini 1903 lingemalizwa na mjukuu wake, miaka ya 1970. Kabaila alilipwa bei yake papo hapo, na bakshishi ya asilimia 12 juu. Ireland huru ilikataa mwaka 1932 kuendelea kuipelekea London malipo hayo, vikazuka vita vya ushuru wa forodha, na mwaka 1938 shauri likamalizwa kwa pauni milioni 10.

Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyokuwa Four Courts, Dublin, ililipuka na kuteketea pamoja na kumbukumbu za karne saba. Ofisi ya kusajili hati ilikuwa katika jengo lingine, ikapona. Na kuna ghala la tatu: kila shamba lililouzwa chini ya sheria kama ile ya 1903 lilihitaji kuthibitishwa umiliki wake, hivyo makabaila walikabidhi hati zao za kale kwa Tume ya Ardhi iliyosimamia mauzo hayo. Tume ilifungwa rasmi mwaka 1999, ikaacha mamilioni ya nyaraka ambazo kwa miongo mingi mtafiti wa kawaida hakuruhusiwa kuzifungua. Familia zilizolipia mashamba yao kwa miongo mingi zimekwishazilipia karatasi hizo, na zinastahili kuzisoma.