Kabla ya Nyumba, Tazama Mwezi

Anayetafuta nyumba ya likizo ya kujipikia mwenyewe huko Pwani huuliza mambo matatu: bei, idadi ya vitanda, na kama bahari iko karibu. Hilo la tatu ndilo lenye mtego. Kikambala, kama kilomita 25 kaskazini mwa Mombasa ukishavuka daraja la Nyali na kuvumilia foleni ya Mtwapa, jibu hutegemea saa uliyouliza. Nyumba ambayo saa kumi alasiri mawimbi yanagonga karibu na ua wake, saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo huwa imetazamana na uwanja wa mchanga, majani ya bahari na vidimbwi, na maji ya kuogelea yako kule.

Mbele ya ufuo huu pamelala mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na pwani. Mawimbi makubwa huvunjika pale, kwa hiyo maji yaliyo ndani ya mwamba hutulia, na ndiyo maana wenye watoto wadogo hupapenda. Lakini eneo hilo la ndani halina kina. Maji yakipwa sana, halibaki la kuogelea.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaokaribia saa 25, hivyo kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Hapo tunapata bamvua, na tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, yakawa maji mafu: tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na bahari haiendi mbali wala haiji juu sana.

Wavuvi wanalijua jambo ambalo wageni wengi hawalijui: mahali pamoja, bamvua huja kwa saa zile zile, mwezi nenda mwezi rudi. Mombasa, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, saa nne asubuhi maji yamejaa. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali ukutani tayari. Siku chache za mwanzo wa mwezi na zile zinazofuata tarehe 15 ni bamvua; tarehe 8 na 22, pamoja na siku mbili tatu baada yake, ni maji mafu. Anayetaka dakika kamili atazame jedwali la maji la Kilindini, linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya.

Kwa hiyo chagua siku kwanza, nyumba baadaye. Ukiwa na watoto wanaoamka wakidai kuogelea, chukua wikendi ya maji mafu. Mkiwa watu wazima mliochoka na kazi, mimi nasema bamvua ni bora. Asubuhi mnatembea mwambani mkitazama viti vya pweza na kaa, mchana mnapika na kulala, alasiri bahari inawafuata yenyewe jua likiwa limepoa. Vaeni viatu vya raba, maana huko kuna viumbe vya miiba myeusi inayovunjikia nyayoni.

Hapa pana hatari inayostahili kuelezwa vizuri. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika zile saa sita za kujaa, saa mbili za katikati pekee huleta karibu nusu ya maji yote. Na sehemu za karibu na mchanga mara nyingi ziko chini kuliko kilele cha mwamba, kwa hiyo aliyesimama mwambani hudhani pakavu kumbe nyuma yake kumeshajaa. Geuka urudi maji yanapoanza kupanda. Tena usiogelee karibu na mlango wa mwamba maji yanapopwa: maji yote ya ndani hutafuta kutokea hapo, na mkondo wake humshinda muogeleaji hodari.

Mwezi huingia hata jikoni. Pweza huvuliwa hasa bamvua, mwamba unapokuwa wazi, basi usishangae kumkosa wakati wa maji mafu. Changu na tafi huletwa na wenye mitumbwi na madema. Mtazame samaki macho kama yanang'aa, umfunue mashavu uone kama ni mekundu. Wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku na samaki hupanda bei. Ufuo nao hujaa mwani. Si uchafu, ila harufu yake si ya kila mtu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni kukavu na joto jingi.

Ukipiga simu kuulizia nyumba, uliza pia maji ya bombani yanatoka wapi. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi: maji yake ni ya kuoshea vyombo, lakini chai yake hainyweki, na sabuni haitoi povu. Nunua madumu ya maji matamu Mtwapa kabla hamjafika. Uliza kama mtungi wa gesi umejaa. Na mbuzi ya kukunia nazi ubebe kutoka kwako, usitegemee kuikuta.