Manga za watoto wetu: tukae kwanza, tuangalie



Ilikuwa saa kumi na moja ya jioni, tuko tunangoja basi ya posti ya usiku. Maneno yalianza juu ya primu ambayo haijafika, kama kawaida yetu, lakini hayakuishia pale. Kamarade mmoja akasema: «Mimi nilishachoka. Mutoto wangu haongeake tena na mimi. Anaongea na ile ma manga yake tu.» Mwingine akaitikia: «Wa kwangu anafanyaka bidole hivi na hivi, eti anaita moto. Pasta alituambia ile ni bintu ya shetani.» Wa tatu akacheka kwa uchungu: «Heri ninyi. Wa kwangu ni franga ya mega kila siku. Tunakula bukari bila samaki, yeye iko anaangalia Wajapani.»

Basi ikafika, tukapanda. Njiani watu walizoea kusinzia, lakini siku ile kila mtu alikuwa na neno. Ndipo tuliona kwamba jambo hili si la nyumba moja. Sisi wa sendika tumezoea kuandika hapa juu ya mshahara, dawa na kaske. Leo tunaomba ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba, sababu huko pia mfanyakazi anaweza kupoteza kitu.

Kwa wale ambao bado hawajaelewa: kule Japani, manga ni kitabu cha hadithi iliyochorwa, na anime ni ile michoro inayotembea kwenye televisheni. Watoto wetu wanaita vyote manga, basi na sisi tutasema vile. Majina wanayotaja kila siku ni Naruto, One Piece na Dragon Ball. Hii ya mwisho ilichorwa na Akira Toriyama tangu mwaka 1984, na siku habari ya kifo chake ilipofika, mwezi wa tatu 2024, kuna wazazi walioona mtoto wao analia bila kujua analilia nani.

Lakini tuseme kweli: sisi wenye miaka arobaini na zaidi, je, tulikuwa malaika? Tulikimbia kwa jirani mwenye televisheni, tukakaa chini kwenye simenti, tukaangalia Goldorak. Tukaangalia Olive et Tom, wale watoto wanaopiga mpira, na uwanja wenyewe unakuwa murefu kama barabara ya Likasi, mpaka juma linaisha na mpira haujafika golini. Kesho yake tulikuwa uwanjani miguu mitupu, kila mtu anajiita Olivier. Nazo zilikuwa za Japani, ingawa sisi tulifikiri ni za Ufaransa sababu zilisema Kifaransa. Wazazi wetu waligomba. Hata kule Ufaransa wakubwa waligomba: mwaka 1989 Ségolène Royal, mama mmoja wa siasa, aliandika kitabu kizima cha kulalamikia televisheni ya watoto, na michoro ya Japani ilipigwa vikali ndani yake. Basi kugomba kwetu si kupya.

Hatusemi kwamba wazazi wanaogopa bure. Tupime neno moja moja.

Kwanza, pesa. Ni kweli, mega zinakula. Mzazi ana haki ya kuweka mpaka, kama anavyoweka mpaka wa makala na wa sabuni.

Pili, vita na damu. Ni kweli pia. Wengi wetu tunafikiri kila kitu kilichochorwa ni cha mtoto mdogo. Hapana. Kule Japani wanatenga: kuna za watoto, kuna za vijana, kuna za watu wazima kabisa. Attack on Titan, ambamo majitu yanakula watu, si ya mtoto wa miaka saba. Mzazi asiyeangalia hawezi kujua tofauti, na mtoto wa miaka saba hatamwambia.

Tatu, shetani. Hapa tuende polepole, maana wengi wetu ni watu wa kanisa. Pasta hakuota. Ndani ya Naruto kuna mbweha mwenye mikia tisa, roho kali, iliyofungiwa ndani ya mwili wa mtoto. Lakini tuulize hadithi inasema nini. Inasema juu ya yatima ambaye kijiji kizima kinamchukia na kumkimbia kwa ajili ya kitu ambacho hakukitaka, na ambaye anatumika miaka na miaka mpaka watu wanamkubali. Hapa kwetu tuko na watoto wanaofukuzwa nyumbani sababu mtu alisema ni balozi. Wanalala sokoni. Mtoto wako akilia juu ya yule yatima, labda amekwisha kumuona mwenzake pale sokoni, mbele yako wewe.

Sasa tuseme kosa letu wenyewe, maana si vizuri kufundisha wengine na kuficha la kwako.

Mtoto wetu wa kiume ana miaka kumi na tatu. Mwaka jana alileta pointi mbaya za hesabu. Tulifungua daftari lake, tukakuta karatasi nane za hesabu na zingine zote michoro: watu wenye macho makubwa, nywele zimesimama, panga. Tulikuwa tumetoka posti ya usiku, kichwa kinauma. Tulipasua lile daftari mbele yake, na tukasema neno ambalo hatutaliandika hapa. Hakulia. Aliokota vipande, akaviweka ndani ya mfuko. Toka siku ile, karibu mwezi mzima, alitujibu «ndiyo, papa» na «hapana, papa», na hakuna zaidi. Mama yake alituambia usiku mmoja: «Kamata mpaka mutoto. Kule ku karieri kuko batoto ba miaka yake banachota mawe. Bote balianza na kunyamaza ku nyumba.» Neno lile lilituingia. Sisi tunaojua shimo, tunajua pia mtoto anayekimbia nyumba anakimbilia wapi hapa kwetu.

Dada yake mkubwa ndiye alifungua mlango. Siku moja ya mungu, umeme ulikuwapo, akasema: «Papa, ikala kwanza. Angalia moja tu. Kama ni mubaya, utazima.» Tukakaa. Filamu yenyewe inaitwa kwa Kifaransa Le Château dans le ciel, ya mwaka 1986, ya bwana Hayao Miyazaki.

Ndugu zangu, tulitegemea panga na mashetani. Tukaona mji wa migodi. Nyumba zimeshikilia bonde, reli inapita juu ya mbao, na mtoto mmoja, Pazu, yatima, ni msaidizi pale shimoni. Usiku anachukua chakula kwa mkubwa wake wa kazi. Kaji inapanda, watu wanatoka weusi na wamechoka, na shimo halitoi kitu kizuri tena. Mashine ya kuvuta kaji ni ya zamani, inahitaji mkono wa kuizoea. Baadaye kuna mzee anayeishi chini kwa chini, anayesikiliza mawe. Anasema mawe yanasumbuka. Nani kati yetu hajamjua mzee wa namna ile? Kwenye posti yetu alikuwapo mmoja: akiweka mkono juu ya mwamba na kusema «tutoke», tulikuwa tunatoka bila kuuliza.

Katikati ya filamu mtoto wetu akageuka, akauliza: «Papa, kwenu ku shimo kunakuwaka vile?»

Miaka kumi na tatu. Alikuwa hajatuuliza hata siku moja, na sisi tulikuwa hatujamuambia hata siku moja. Alijua tu kwamba papa anaenda, anarudi, analala, asipigiwe kelele. Tulimweleza usiku ule: kaji inavyoshuka mpaka masikio yanaziba, joto la chini, maji yanayodondoka, taa ya kichwani na giza ikizimika, namna tunavyogonga mwamba kusikia kama uko mutupu. Filamu iliisha, tukaendelea.

Baadaye tulitafuta kujua huyu Miyazaki ni nani. Alizaliwa Tokyo mwaka 1941. Mwaka 1963 aliingia kama mchoraji kwenye kampuni kubwa ya michoro, Toei, na mwaka uliofuata alikuwa katibu wa sendika ya wafanyakazi. Mwenzake Isao Takahata, ambaye naye alikuja kutengeneza filamu kubwa, alikuwa makamu wa mwenyekiti wa sendika ileile. Walijuana ndani ya mapambano kabla ya kujulikana na dunia. Na ule mji wa migodi hakuutoa hewani. Alisafiri Wales, kule Uingereza, katikati ya miaka ya 1980, miaka ileile ya mgomo mkubwa wa wachimbaji wa makaa, ulioanza mwezi wa tatu 1984 na kuisha mwezi wa tatu 1985. Serikali ilitaka kufunga mashimo, wachimbaji walisimama karibu mwaka mzima, na mwisho walishindwa. Miyazaki alieleza baadaye kwamba alistaajabia namna watu wale walivyopigania kazi yao na vijiji vyao mpaka mwisho, na kwamba alitaka kuonyesha nguvu yao ndani ya filamu. Kumbe kitu tulichokipasua kilikuwa na ndugu zetu ndani yake.

Kuna jambo la pili. Ile filamu inazunguka juu ya jiwe. Msichana Sheeta amevaa jiwe shingoni lenye nguvu kubwa, na wakubwa wenye silaha wanalitaka ili watawale dunia. Wachimbaji wa kijiji hawapati kitu. Mtu wa Katanga atasikia hadithi hii na kukosa kutaja Shinkolobwe? Uranium iliyochimbwa na babu zetu pale, karibu na Likasi, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945. Mtoto mmoja wa miaka sita, Keiji Nakazawa, aliokoka siku ile. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa. Alipokuwa mkubwa akachora yale yote katika manga inayoitwa kwa Kifaransa Gen d'Hiroshima, kuanzia mwaka 1973. Kwa hiyo mzazi anayeuliza «Wajapani na sisi, wapi na wapi?» ajibiwe: jiwe letu liliwafikia kabla ya michoro yao kutufikia sisi. Na wazee wa Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, watamkumbusha kwamba Wajapani walikuja wenyewe kuchimba shaba pale miaka ya 1970, na wengine waliacha watoto hapa.

Kwa mtoto anayetaka kuwa mchoraji, tuseme pia ukweli wa kazi, tusimdanganye. Kule Japani wachoraji wengi wa chini wanalipwa kwa kila mchoro, siyo kwa mwezi, na wanakesha usiku. Ni kama mchimbaji wa mkono anavyolipwa kwa kila mfuko: mkono ukichoka, pesa imekwisha. Mwana wetu alishangaa kusikia hivyo. Tulimwambia: kazi nzuri inahitaji sendika, hata ile ya kalamu.

Basi tunashauri nini? Si kuacha mlango wazi usiku kucha. Masomo kwanza, na usingizi. Weka saa, weka siku, weka kiasi cha mega, na ukisema neno, ulishike. Uliza jina la kile mtoto anachoangalia na ni cha watu wa miaka gani. Kama hujui, uliza mkubwa wake, wao wanajua. Halafu kaa naye, hata mara moja kwa mwezi, hata kama macho yanafunga. Ukiona kibaya, mwambie kwa nini ni kibaya. Mtoto anayeambiwa sababu anaweza kubishana na wewe, na hiyo ni heri, maana mtoto anayebishana bado yuko nyumbani.

Sisi tulinunua daftari jipya la michoro, na la hesabu kando yake. Tuliomba msamaha juu ya lile la zamani, na haikuwa rahisi, maana baba wa hapa kwetu hajazoea kumuomba mtoto msamaha. Pointi za hesabu zimepanda kidogo, si sana. Juma lililopita alituonyesha mchoro: mtu mwenye macho makubwa ya Kijapani, nywele zimesimama, lakini juu ya nywele kuna kaske na taa. Tulimwambia mkanda wa betri ameuweka mahali si pake. Akafuta, akatupa kalamu: «Papa, onyesha sasa weye.»

Tulichora vibaya sana. Alicheka mpaka mama yake akatoka jikoni kuangalia kuna nini.